Asidi ya Wapi, Sista?

Wenzangu mnaobaki kwenye chumba cha magonjwa ya ngozi, siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa kitenge, sufuria mbili na daftari tupu. Kitenge nimeshakishona, sufuria moja nimeshaiunguza, na daftari ndilo hili. Aliyelichagua alininong'oneza, "Mama, utuandikie yale ambayo hukutuambia." Huenda hakuwa na maana yoyote, kwa sababu vijana mna tabia ya kusema maneno mazito huku macho yako kwenye pilau. Lakini neno lile lilinikaa. Yapo niliyowaambia mara mia mpaka mkaanza kuyamalizia wenyewe, na lipo moja ambalo sikumwambia mtu kwa miaka kumi na minne.

Vyeo nitaviruka. Anayetaka kujua nilipandishwa lini akaulize masjala, ingawa najua watamwambia faili halionekani.

Nilianza kazi kwenye zahanati moja ya milimani, upande wa Iringa, nikiwa na sare mbili na viatu vya kuazima. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa. Alinisalimia "Kamwene," nikaitika "Kamwene," akakaa, akafungua kola ya shati kwa heshima zote. Shingoni alikuwa na kinyama kinachoning'inia, kimefungwa uzi mweusi wa cherehani, kimevimba kama harage lililolowekwa.

"Mke wangu amekifunga ili kife," akasema. "Leo siku ya nne. Naona anayekufa ni mimi."

Nilikata uzi, nikasafisha, nikamchoma sindano ya pepopunda, kisha nikaenda nyuma ya jengo kutapika. Muuguzi aliyekuwa mkubwa wangu alinifuata na kikombe cha maji. Hakunihurumia hata kidogo. "Huyo kafunga uzi tu," akaniambia. "Subiri uwaone wanaokata kwa wembe."

Nikawaona. Watu wa kwetu hatuvumilii kitu kinachoning'inia mwilini. Tunakifunga, tunakikata, tunakipaka utomvu, tunakichoma kwa kijiti cha moto, na tukimaliza tunakwenda hospitali na kidonda ambacho hakikuwapo. Na vinyama vile havina kosa. Vinaota pale ngozi inaposuguana na ngozi nyingine au na nguo: shingoni, kwapani, kinenani. Vidoti vyeusi vinavyojaa mashavuni kwa watu wazima wa rangi yetu navyo havina kosa. Ni vya kurithi, na mimi nimerithi vyote vya mama yangu pamoja na mdomo wake. Dawa ya kwanza ya nyumbani kwa vitu hivi ni kuviacha. Nimewaambia hivyo wagonjwa miaka yote, na wengi wameondoka wamenuna, kwa sababu hakuna mtu anayepanda basi kutoka kijijini ili aje kuambiwa aache kitu kama kilivyo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mbeya, chumba cha ngozi, chini ya Dokta Sanga. Kwa vyeti alikuwa tabibu, si daktari kamili, lakini hapa mjini kila mwenye koti jeupe ni dokta, na yeye alistahili jina hilo kuliko wengi. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye upara unaong'aa, na alivaa sweta mwaka mzima. Vifaa vyake vilikuwa vinne: kioo cha kukuzia chenye mpini uliozungushiwa plasta, tochi, rula ya shule na kalamu. Kila kiota, yaani kila kitu kilichoota kwenye ngozi, alikipima kwa rula, akakichora kwenye kadi kwa ukubwa wake halisi, ili mgonjwa akirudi baada ya mwezi pasiwe na ubishi kama kimekua au hakijakua. Na kabla ya kugusa aliuliza: kimeanza lini, kimebadilika nini, kinatoka damu, kuna kidonda kisichopona? Mkiniona nauliza hivyo mnadhani ni busara yangu. Ni yake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha sugu na chunjua ya unyayoni. Sugu ukiikwangua, mistari ya ngozi inaendelea kupita juu yake. Chunjua inaikatiza mistari hiyo, na ndani yake utaona vidoti vyeusi. Sugu inauma ukiibonyeza juu, chunjua inauma ukiiminya pembeni. "Lakini ukiona doa jeusi la unyayoni linalotanuka," alisema, "au mstari mweusi ulioota chini ya ukucha wa mtu mzima, weka kioo chini, andika rufaa." Mkulima mmoja alitujia kutoka Iringa, mwaka mzima alikuwa akilikwangua doa la namna hiyo kwa kisu na kuliita sugu. Dokta Sanga alimtafutia usafiri wa hospitali kubwa siku ileile, hakumwachia hata nafasi ya chai. Mguu ulipoteza vidole viwili, mtu akabaki. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa analima na kulalamikia bei ya mbolea kama watu wengine wote wenye afya.

Chombo tulichokipenda kuliko vyote hakikuwa chetu. Watu wa mifugo walikuwa na chupa kubwa ya nitrojeni ya maji, yenye baridi kali kupita kiasi, waliyoitumia kutunzia mbegu za madume ya ng'ombe. Wakibakiwa na kidogo walitugawia, nasi tukachovya kijiti chenye pamba na kuigandisha chunjua mpaka ikawa nyeupe. Wakikosa, tulikosa. Nikiwaambia wagonjwa, "Leo hakuna, tunasubiri ng'ombe," wapo waliodhani nawatukana.

Kwa hiyo wiki nyingi tuliwarudisha watu nyumbani na dawa ya matone. Ni dawa nzuri. Ina asidi hafifu inayoyeyusha ngozi ngumu taratibu, na mle ndani sisi tuliiita kwa mkato tu: asidi. "Mpe asidi." "Asidi imekwisha." Nililisema neno hilo mara nyingi kwa siku, na sikujiuliza hata siku moja huko nje linamaanisha nini.

Shamimu alikuja asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa msusi pale Mwanjelwa, mkazi wa Ilomba, binti wa miaka ishirini na kitu, wa familia ya Kiislamu ambayo babu zao walitoka pwani kufuata biashara wakabaki. Kiswahili chake kilitunyoosha sisi wote. Mkono wake wa kulia ulikuwa na chunjua tano, tatu kwenye kidole cha shahada na mbili kwenye dole gumba, palepale anapobania nywele.

"Jana mteja kaniinukia na kichwa nusu, Sista," aliniambia. "Kasema hasukwi na mkono wenye chunjua. Kajifunga kitambaa, kaondoka. Na waliokuwa wanasubiri wakainuka nao, mmoja mmoja, kama vile wamekumbuka wameacha maharage jikoni."

Sikuweza kumlaumu mteja. Chunjua inatokana na kirusi, na kirusi hicho kinapenda kupitia penye mchubuko. Lakini pia inatibika, na hilo ndilo nililopaswa kukaa na kumweleza yule binti kwa dakika tano.

Siku hiyo foleni ilifika kwenye ngazi. Ng'ombe hawakutugawia kitu. Dawa ya matone ilikuwa imekwisha kabatini, nilikuwa na hasira na mtu wa stoo, na sikuwa nimekunywa chai. Nikamwambia huku mkononi nimeshashika kadi ya mtu mwingine: "Tafuta asidi. Loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu, kwangua, weka tone moja kila jioni, funika na plasta."

"Asidi ya wapi, Sista?"

"Yoyote. Zote ni zilezile," nikasema. "Anayefuata!"

Nilimaanisha dawa ya chunjua kutoka duka la dawa, ya kiwanda chochote. Lakini uliza mtu yeyote barabarani, kuanzia Mbeya mpaka Makambako, asidi ni nini. Atakujibu ni maji ya betri. Na kaka yake Shamimu, Jabiri, alikuwa na banda la kuchaji betri kule Igawa, kando ya barabara kuu wanaposimama madereva wa malori. Kwa mtu mwenye kaka Igawa, kwenda kununua asidi mjini ni sawa na kununua mchele Dar es Salaam ili ukaupeleke Mbarali, kunakolimwa mpunga.

Alirudi baada ya siku nane, mkono umefungwa kwa kipande cha khanga. Nilipokifungua nilielewa kabla sijaambiwa.

"Nilifuata kama ulivyosema, Sista," akasema. "Tone moja, kila jioni, na plasta. Ilikuwa inawaka mno. Nikajua ndiyo inafanya kazi."

Chunjua zilikuwa zimekwenda, nisiseme uongo, na ngozi ilikwenda nazo. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na kidonda cheusi kilichozama mpaka karibu na kiungo, na dole gumba lilikuwa limeungua upande mzima. Nilimwambia akunje kidole. Akajaribu, machozi yakamtoka, kidole hakikukunjika.

Dokta Sanga alikuja na kioo chake. Aliangalia kwa muda mrefu, akapima, akachora. Kisha akauliza kwa upole wake uleule, "Binti, nani alikwambia uweke maji ya betri?"

Shamimu akanitazama. Laiti angenitazama kwa kunishtaki! Alinitazama kama mtu anayeomba usaidizi wa kukumbuka. Nami nikajibu upesi kuliko nilivyowahi kujibu kitu chochote katika kazi hii: "Mimi nilimwambia dawa ya duka la dawa, Dokta. Alisikia vibaya."

Ulimi hauna mfupa. Niliusikia uongo wangu ukitoka, umenyooka, una sauti ya muuguzi mwenye uzoefu, na nikaona jinsi ulivyoingia kwa Shamimu na kukaa.

"Labda nilisikia vibaya," akasema taratibu. "Kulikuwa na kelele nje."

Dokta Sanga akaandika kwenye kadi: Hakuelewa maelekezo.

Nitawaambia nilichoogopa. Niliogopa barua ya onyo, niliogopa minong'ono kwenye korido, na zaidi ya yote niliogopa yule mzee mpole akinitazama na kusikitika. Nilikuwa muuguzi mzuri, nami nilipenda kujulikana hivyo. Basi nikalilinda jina langu kwa sikio la mtu mwingine.

Kile kidonda nilikisafisha mwenyewe kila baada ya siku moja, kwa miezi miwili na zaidi, sikumwachia mtu. Wenzangu walidhani ni bidii. Ngozi nyeusi iliyokufa ilitoka polepole, nyama nyekundu ikajitokeza, na tukaanza kupata matumaini. Lakini kidole kilikuwa kinapona kimenyooka. Shamimu alikigeuzageuza siku moja chini ya tochi, akaniuliza, "Sista, kikikauka hivi, nitasuka kwa kitu gani?"

Jibu alikuja nalo mwenyewe. Safari iliyofuata alikuja na fungu la rasta, zile nywele za bandia za kusukia, akalifunga kwenye nondo za dirisha letu, na wakati akisubiri zamu yake akaanza kusuka. Wiki za kwanza hakuweza hata kubana. Nywele zilimponyoka, akaokota, zikamponyoka tena, akasonya, akaokota. Mimi nilimkandia kiungo kwa mafuta ya mgando na kukikunja mpaka akasema basi, kisha kidogo zaidi. Baadaye vikaanza kuonekana visuko vilivyolegea, halafu vilivyonyooka. Wagonjwa wengine kwenye benchi wakaanza kumsahihisha, na mama mmoja wa Kisafwa, ambaye alikuja kwa ajili ya vipele, alisahau vipele vyake akabaki anashikilia mafundo.

"Hili dirisha limepata nywele kabla yangu," Dokta Sanga akasema akipapasa upara wake. Nilicheka mpaka nikalia, na nikaendelea kulia baada ya wenzangu kumaliza kucheka.

Kidole kilirudi, kwa makadirio yangu, robo tatu ya kukunjika. Kilibaki na kovu la rangi ya udongo mwekundu, lakini kinabana nywele. Shamimu alirudi Mwanjelwa, akaanza na vichwa vya watoto, akapanda mpaka vya maharusi. Dokta Sanga alistaafu akiamini kile kilichoandikwa kwenye kadi, na sasa ametangulia mbele ya haki. Kwake nimechelewa.

Tangu hapo neno asidi halikutoka tena kinywani mwangu ndani ya chumba kile. Mliniona nikitembea na chupa tupu ya dawa mfukoni mkanicheka, mkasema Mama ana hirizi. Nilikuwa namshikisha mgonjwa chupa, nasema, ukifika duka la dawa omba dawa ya chunjua yenye chupa ndogo kama hii; ukipewa kitu kwenye chupa ya soda, kimbia. Kisha nilimweleza kazi yote kwa vidole vyangu mwenyewe. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ngozi ilainike, kama dakika kumi. Kwangua ile iliyokufa kwa tupa ya kucha, taratibu, bila kutoa damu, na tupa hiyo ni yako peke yako, usiitumie kwenye kucha zisizo na ugonjwa wala usimwazime mtu. Zungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi nzuri ili dawa isitembee. Tone moja juu ya chunjua, acha ikauke, funika. Kesho tena. Inachukua wiki nyingi, hata miezi mitatu, na wanaokata tamaa hukata wiki ya tatu. Ikiwaka sana, ikitoa damu, acha, uje. Usiweke usoni, usiweke sehemu za siri, na kama una kisukari au mguu una ganzi usijitibu kabisa. Na kama ni mtoto na hazimsumbui, subiri. Za watoto wengi huondoka zenyewe, na bibi atadai ni dawa yake.

Nilikwenda Igawa pia, kumwona Jabiri. Nilijiambia nakwenda kutoa elimu. Nilimkuta katikati ya nyaya zake, mtu wa utani, na akaniambia bila kuficha kwamba madereva na watoto wa shule walikuwa wakimjia siku zote awadondoshee maji ya betri kwenye chunjua. Hakuwahi kutoza kitu. Aliona ni sadaka. Nilimweleza, akanisikiliza, akatikisa kichwa, na kuanzia siku hiyo akawa anawafukuza na kuwaelekeza zahanati. Kisha akacheka akasema, "Ila na huyu dada yangu, Sista! Mtu anaambiwa dawa, anasikia betri. Sisi hapa tunamwita Bi Asidi. Ukimtuma chumvi, andika."

Ningeweza kusema palepale. Nilikunywa soda aliyonipa, nikaaga.

Shamimu mwenyewe aliifanya kuwa hadithi yake. Kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti cha Mwanjelwa akiwa na kinyama shingoni au kitu kichwani chini ya nywele, alionyeshwa kile kidole. "Niangalieni mimi," alisema. "Nesi kaniambia vizuri kabisa, mimi na sikio langu bovu nikaenda kujiunguza. Nenda hospitali, na ukifika kule uliza mara tatu." Na watu walikuja. Nimeona viota vya kichwani vilivyogunduliwa na yule msusi kabla mwenye kichwa hajajua kama anavyo, na kimoja kilikuwa kibaya kweli, tukakiwahi. Nami nikapata kisingizio kizuri cha kunyamaza: hadithi inasaidia watu, kwa nini niiharibu?

Nilijua kwa nini. Mimi ni mteja wake, nimemwona. Mteja akimwambia anataka mtindo fulani, Shamimu anauliza, anauliza tena, kisha anaomba picha kwenye simu, na katikati ya kazi anauliza mara ya tatu. Walimu wa mwanawe wakiita kikao anamwomba jirani waende pamoja, asije akaelewa vibaya. Fundi mzuri kuliko wote niliowahi kuwapa kichwa changu, na haamini masikio yake.

Wiki moja kabla ya ile hafla yenu nilikwenda kwake nisukwe kwa ajili ya kuagwa. Alikuwa na wateja wawili wanaosubiri na redio ya sauti ya chini. Nikamuuliza habari, akaniambia kuna chuo cha ufundi Iringa kimemtafuta. Mwalimu wa pale aliona maharusi aliowasuka, anataka aende kuwafundisha mabinti, na anataka jibu kabla ya Ijumaa.

"Utakwenda lini?" nikauliza.

"Siendi, Sista. Nimewaambia nitafikiri, lakini siendi." Alikuwa anachana mstari wa katikati. "Kufundisha kuna maelekezo, kuna mitaala, wanakwambia hivi, wewe ufanye hivi. Mimi mtu wa kusikia vingine. Nitawaharibia watoto wa watu mikono kama nilivyojiharibia wangu."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama mtu anayesema hapendi bamia. Kwa miaka kumi na minne nilidhani nimemnyima kitu cha zamani, kitu kilichokwisha. Kumbe nilikuwa bado namnyima, na safari hii kulikuwa na siku ya mwisho.

"Shamimu," nikasema. "Zima redio."

Akaizima. Wateja wakanyanyua vichwa.

"Siku ile ulikuja na chunjua, mimi sikusema dawa ya duka la dawa. Nilisema tafuta asidi. Ukaniuliza, asidi ya wapi, Sista? Nikakujibu yoyote, zote ni zilezile. Halafu nikaita anayefuata. Na mbele ya Dokta Sanga nikadanganya."

Mikono yake ilisimama kichwani kwangu. Nilikuwa nimempa kisogo, sikuona uso wake, na nashukuru. Mteja mmoja akasema "Jamani," akajutia.

"Niliuliza?" Shamimu akasema.

"Uliuliza. Uliuliza vizuri kabisa. Kosa ni langu mwanzo mpaka mwisho. Nisamehe."

"Nilisema, asidi ya wapi?"

"Ulisema hivyohivyo."

Akaniachia nywele. Akazunguka, akasimama mbele yangu, na sasa nikamwona: amekasirika. "Miaka kumi na minne, Sista. Mwanangu ananiita kiziwi. Mwanangu!" Nikasema najua. Akasema, "Hujui." Ikawa kweli sijui.

Akachukua simu, akapiga, akaweka sauti kubwa. Ilikuwa Igawa, nilisikia malori.

"Kaka Jabiri, shikamoo. Yupo Sista hapa. Msikilize." Akaninyooshea simu. "Sema tena, Sista. Yote."

Nikasema yote, mbele ya wateja wawili na kaka mtu, tangu asidi mpaka kadi. Kisha Jabiri akasema, na safari hii hapakuwa na utani, "Dada, mimi ndiye niliyekumiminia kwenye kichupa. Na nikakucheka."

"Hukujua, kaka."

"Sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Jua tu kwamba nilisikia sawasawa." Akakata.

Hakunikumbatia, na hakuniambia yamekwisha. Alirudi nyuma yangu, akashika pale alipoachia, akaanza kusuka, na ile mistari ya upande wa kushoto aliibana mpaka nyusi zangu zikapanda. Mliniambia kwenye hafla kwamba naonekana nimeshangaa. Sababu ndiyo hiyo. Nilivumilia bila kuguna. Niliona ni haki yake, na moyoni nilikuwa mwepesi kwa namna ambayo sikuwa nimeijua tangu ujana.

Alipofika mstari wa mwisho alisimama, akajifuta mafuta mikononi, akachukua simu tena.

"Shikamoo, mwalimu. Ni Shamimu, msusi wa Mwanjelwa. Nauliza ile nafasi ya Iringa kama bado ipo."

Mtu wa upande wa pili alizungumza kwa muda mrefu. Nilisikia vipandevipande: vyeti, picha, siku ya kuripoti, jengo la kuulizia, mtu wa kumwona. Yalikuwa maelekezo mengi, na alikuwa anayasema haraka, kama mtu mwenye foleni mlangoni. Shamimu alisikiliza amefumba macho.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Nimeelewa."

Hakumwomba arudie.